Kaburi la Ndyamukama

Bukoba, 2 Machi 1936

Mdogo wangu Xaveria,

Salamu nyingi, na pole tena. Najua pole zimekuwa nyingi hadi zimekuchosha, lakini kaka hana kingine cha kutanguliza anapomwandikia dada aliyefiwa na mume. Eugenia hajambo? Bado anaogopa kuku?

Sasa nisikilize. Kesi ya Tumwine itasikilizwa hapa Bukoba mwezi wa nne, Jaji atakapofika na meli. Baraza la huko kwenu halina mamlaka juu ya shtaka la kuua, ndiyo maana Tumwine aliletwa huku akiwa na pingu. Wewe umeandikwa kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, yaani upande wa serikali, unaodai kwamba Tumwine alimuua mumeo. Baba mkwe wako, mzee Kyomukama, ni shahidi pia.

Usiogope. Tumwine atasomewa shtaka na kuulizwa kama anakubali au anakana. Atakana. Kando ya Jaji watakaa wazee watatu wa baraza, ambao kazi yao ni kumshauri kuhusu mila zetu. Jaji huwasikiliza, ila hafungwi na neno lao. Kisha mashahidi wataingia mmoja mmoja. Utashika Biblia na kuapa, mwanasheria wa serikali atakuuliza maswali, halafu wakili aliyepewa Tumwine naye atakuhoji, atafute tundu katika maneno yako. Jibu ulichoulizwa tu. Ukiulizwa kama mvua ilinyesha, sema ilinyesha. Usianze habari za maharage yako, nakujua.

Mkalimani nitakuwa mimi. Kwa hiyo shika hili kuliko yote: mle ndani sina dada. Usiniite kaka, usinisalimie, usinitazame kwa jicho la nyumbani. Mkalimani akijulikana kuwa ni ndugu wa shahidi huondolewa, na mimi nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja.

Jambo moja linanisumbua. Mwaka jana uliniandikia tu, "tumemzika." Hukusema mwili wa shemeji ulipatikana wapi. Niambie, nisije nikashtuka kortini.

Kaka yako,
Egbert Rwezaura


Kituntu, 14 Machi 1936

Kaka Egbert, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwalimu Placidius, katekista wetu. Aliileta kwa baiskeli akanisomea bahasha kwa sauti, kana kwamba masista hawakunifundisha kusoma. Eugenia ni mzima. Kuku haogopi tena, sasa kuku ndio wanaomwogopa yeye.

Umeuliza habari za mazishi. Mambo hayo yalishughulikiwa na ukoo. Kaburi liko kibanjani, nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya zamani, na limezungushiwa mawe. Askari alikuja akaonyeshwa. Alitaka kulifukua, lakini daktari akatuma neno kwamba muda umepita mno, hataona kitu. Yaliyobaki usiniulize kwa barua.

Kuhusu Tumwine nitasema ninachokijua. Kweli waligombana ng'ombe wake walipoingia kibanjani kwetu, na mbele ya watu wanaokunywa rubisi Tumwine alimwambia mume wangu, "Wewe nitakuzika." Kesho yake Ndyamukama hakuonekana. Shuka lake lilikutwa zizini kwa Tumwine, lina damu. Tumwine anasema walipatana alfajiri ile, mume wangu akamsaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, akaliacha shuka lililochafuka, akashika njia ya Murongo kwenda kutafuta kazi Uganda. Hakuna aliyemwamini. Mimi sijui niamini nini. Eugenia akiwa mchanga, mimi naumwa na maziwa yamenikauka, Tumwine ndiye aliyeleta maziwa ya Eugenia kila asubuhi miezi miwili, na hakuwahi kuomba hata mkungu wa ndizi.

Kaka, nina swali. Mtu akiapa kwa Biblia, kisha akasema jambo jinsi ukoo unavyolisema, ni uongo huo? Nijibu kabla sijasafiri.

Mdogo wako,
Xaveria


Bukoba, 20 Aprili 1936

Xaveria mdogo wangu,

Najua lori liliwarudisha nyumbani kabla ya hukumu. Basi ipokee kwangu: Tumwine amekutwa na hatia. Atanyongwa.

Swali lako la mwezi wa tatu nililipata nikalicheka, nikaona ni hofu ya mwanamke wa shamba. Na kizimbani ulisimama vizuri, dada. Wakili wake alipokuuliza, "Uliuona mwili wa mumeo kwa macho yako?" ukajibu, "Nilikesha naye, nilimfunika lubugu la gome la mti, nilimwona akishushwa kaburini." Sidhani kama yupo aliyebaki na shaka baada ya hapo. Ulitaka kuongeza neno, "alikuwa mwepesi, walimbeba watu wawili tu," nami sikulifasiri. Jaji yule hapendi majibu yenye mkia, akisikia majonzi marefu huanza kugonga kalamu. Nimejifunza kumpunguzia.

Lakini kulitokea jambo la ajabu. Jaji alipowauliza wazee watatu maoni yao, mmoja, mtu wa Bukoba mjini, alisema ana hatia. Wawili waliotoka huko kwenu Karagwe walisema hana. Jaji akauliza sababu. Wakanyamaza. Akauliza tena, nikafasiri tena, mmoja akainamisha kichwa na mwingine akawa anatazama mlango kama anayemngoja mtu aingie. Jaji akaandika kwamba maoni yasiyo na sababu hayamsaidii, akatoa hukumu yake.

Tumwine aliambiwa ana haki ya kukata rufaa kwenye korti ya juu. Amekata. Alipokuwa akishushwa alinigeukia akasema kwa Kinyambo, "Mwambie mke wa Ndyamukama sina kinyongo." Neno hilo halikuwa sehemu ya kesi, kwa hiyo sikulifasiri. Nakufikishia wewe.

Kaka yako,
Egbert


Kituntu, 3 Mei 1936

Kaka, shikamoo.

Tangu nirudi sili nikashiba. Sikuandikii hili ili unicheke.

Jumanne iliyopita, jua likiwa utosini, nilikwenda nyuma ya nyumba kukata majani ya migomba. Kulikuwa na mtu amekaa juu ya mawe ya kaburi, amenipa mgongo. Nikajua ule mgongo. Kaka, nimeuosha ule mgongo, nimeukanda mafuta, siwezi kuukosea. Kisu kikanianguka. Aligeuka polepole akanitazama, wala hakusema kitu. Amekonda, na nguo yake siijui. Nikakimbia.

Nilimkuta mama mkwe jikoni, nikamwambia, "Mama, kaburini kuna mtu." Akaendelea kumenya ndizi. Nikarudia. Akasema, "Hakuna mtu. Lete kuni."

Tangu siku hiyo huja kila siku. Haji giza likiingia kama wanavyosimulia watu. Huja mchana kweupe, kuku wanadonoa miguuni pake. Jana alisogea hadi uani akasimama karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa anafagia. Akafagia mpaka alipo, akauzunguka mguu wake wa kulia, akauzunguka wa kushoto, akaendelea. Baba mkwe alipita na jembe begani, akapindisha njia kidogo kama mtu anayekwepa kisiki. Hakuna aliyeinua macho. Eugenia alinyoosha kidole, bibi yake akamfunika uso kwa kiganja.

Alipoondoka, vumbi la ufagio lilikuwa na alama mbili za nyayo. Nimeziona. Mama mkwe alizifuta.

Kaka, wewe unajua sheria za wazungu na maneno yake. Je, yupo kwenye vitabu vyenu mtu ambaye yuko na hayuko?

Xaveria


Bukoba, 9 Mei 1936

Mdogo wangu,

Barua yako imenitia huzuni, halafu hasira, halafu huzuni tena. Kufiwa kunafanya hivyo, na hukupumzika. Nenda kwa Padre. Kula. Mwombe mama mkwe akuache ulale mchana.

Kwa kuwa umeuliza sheria, nakujibu kwa sheria. Mtu aliyezikwa mbele ya mashahidi walioapa amekufa. Hakuna mlango wa katikati. Kama kila mjane angeruhusiwa kuleta mgongo aliouona migombani kuwa ushahidi, korti zingefungwa tukaenda kuvua samaki.

Rufaa ya Tumwine imekataliwa, habari zimekuja kwa simu ya maandishi. Sasa imebaki karatasi ya Gavana ya kuidhinisha hukumu. Ikifika, atapandishwa meli kupelekwa kwenye gereza la kunyongea, na watu wanasema itakuwa katikati ya mwezi wa sita. Nilipita jela jana kufasiri mambo mengine nikamwona. Ananyoosha mguu mmoja kwa shida kwa sababu ya pingu. Aliniuliza kama ndama wake wamenenepa. Nikamwambia ndiyo.

Usiniandikie tena mambo ya kaburini. Barua hupotea, na wewe ni shahidi.

Egbert


Kituntu, 17 Mei 1936

Kaka,

Nitakuandikia, na ukitaka ichome. Nimeshindwa kubeba peke yangu.

Mle kaburini hamna mtu. Hajawahi kuwamo. Tulizika gogo la mgomba.

Mume wangu alipopotea miezi miwili, na shuka lile la damu limepatikana, wazee wa ukoo walisema amekufa na roho yake inatangatanga kwa kukosa mahali pa kulala. Walikata gogo kwa urefu wake, baba mkwe alipima kwa mkono wake kwenye kitanda chetu. Tuliliosha. Nililifunika lubugu, nikakesha nalo, nikalia, na kaka, nililia machozi ya kweli. Padre hakuambiwa, maana angetufungia sakramenti wote. Na katika ukoo huu, gogo likishakesha na mjane si gogo tena. Ni yeye. Huruhusiwi kuliita gogo hata moyoni. Ukilitaja, kaburi linafunguka na kudai mtu wa kuliziba, na wanasema huanza na mtoto. Nina mtoto mmoja, unamjua jina lake.

Kwa hiyo nilipoapa sikuona kwamba nadanganya. Nilikesha naye, nilimfunika, nilimwona akishushwa. Hivyo ndivyo tunavyosema. Nilipoongeza kwamba alikuwa mwepesi, nilikuwa natafuta mtu mwenye akili anisikie, niwe nimesema bila kusema. Wazee wale wawili walinisikia, maana wanakijua Kinyambo. Nao wana watoto.

Na aliyezikwa hivyo akirudi, hakuna wa kumwona. Hasalimiwi, hapewi chakula, jina lake haliitwi. Naye anajua, kwa sababu ni mtoto wa ukoo. Atasimama hadi atakapochoka, aende zake. Anayemwita jina huchukua nafasi yake kaburini.

Yule mtu ni Ndyamukama. Juzi nilipita karibu yake nikiwa na mtungi, akasema taratibu, bila kunitazama, "Xaveria, nilikufa lini?" Sauti ni yake. Hakuwa anatania. Nadhani na yeye ameanza kuamini. Nilipita bila kumjibu, kaka. Mume wangu ameniuliza na nikapita.

Kama yuko hai, Tumwine ananyongwa kwa ajili ya gogo la mgomba. Nikimwita, naingia mimi kaburini, na nikilitaja gogo mbele ya watu, namtia mwanangu. Niambie la kufanya.

Xaveria


Bukoba, 22 Mei 1936

Dada yangu,

Barua hii inakuja kwa dereva wa lori la kahawa, nimemwapisha aifikishe.

Nimeisoma yako nikiwa nimesimama, nikamaliza nimekaa chini sakafuni. Neno "mwepesi" lilipita kinywani mwangu nikalimeza. Ningelifasiri, wakili wa Tumwine angeuliza, "Mwepesi kiasi gani? Kwa nini?" na pengine yote yangeishia pale. Nililimeza nikijiona fundi. Nisamehe, nami nitamwomba Tumwine anisamehe kama nitapata ujasiri.

Jana nimekwenda kwa Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, nikamwambia kila kitu, kwamba wewe ni dada yangu na kwamba nilipunguza ushahidi. Nimesimamishwa kazi na huenda nikashtakiwa. Nilijitolea kwenda kumtambua shemeji mwenyewe. Akasema mkalimani aliyeficha ndugu hawezi kuwa shahidi wa kuaminiwa.

Lakini hukumu inaweza kusimamishwa. Kuna kitu kinaitwa ushahidi mpya, nacho ni jambo ambalo korti haikulijua, na lingejulikana hukumu ingekuwa nyingine. Bwana Shauri atakuja Kayanga Jumanne tarehe 2 Juni, na ametuma neno meli imngoje Tumwine. Atataka mtu huyo asimame mbele yake, na ndugu zake waape na kumtambua. Ndugu wote wakikana, itaandikwa kwamba ni mgeni aliyeletwa kuokoa mhalifu, na meli itaondoka na Tumwine.

Sitakuamuru, maana mtoto si wangu. Ila nakuomba, Xaveria. Nakuomba kwa mama yetu.

Egbert


Kituntu, 4 Juni 1936

Kaka yangu Egbert, shikamoo.

Tulikwenda Kayanga kwa miguu. Mbele baba mkwe na mama mkwe, mimi nyuma yao, Eugenia mgongoni. Ndyamukama alitufuata kwa mbali. Njiani watu walitusalimia sisi, wakamaliza, wakanyamaza hadi apite.

Bwana Shauri aliketi mezani barazani, na watu walijaa hadi barabarani. Alimsimamisha Ndyamukama katikati. Akamwuliza jina, naye akakaa kimya, ametazama ardhi. Mkalimani mpya akarudia mara tatu. Mtu aliyezikwa hajitaji mwenyewe.

Akaapishwa baba mkwe. "Mzee, mtu huyu ni nani?" Baba mkwe akatazama pale aliposimama mwanawe, akasema, "Sioni mtu." Watu wote wale, kaka, na hapana hata mmoja aliyeguna. Akaapishwa mama mkwe. Akasema, "Mwanangu amelala kibanjani." Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, na sauti haikubadilika hata kidogo. Bwana Shauri akakunja karatasi yake nusu. Nikajua karatasi ikikunjwa yote Tumwine amekwisha.

Nikaitwa. Nikashika Biblia. Nilimshusha Eugenia mgongoni nikampa mwalimu Placidius amshike, nikamwambia arudi nyuma naye, mbali, hadi kwenye maduka. Kisha nikasema kwa sauti, "Huyu ni Ndyamukama, mwana wa Kyomukama, mume wangu. Na kaburini kuna gogo la mgomba, mimi ndiye nimelitaja, mtoto hakutaja kitu."

Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Baraza lote likabaki tupu, tukawa mimi, yeye na Bwana Shauri. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kabisa, kaka, na jua kali vile. Nikaushika hadi ukapata moto. Ndipo akafungua kinywa akasema jina lake, na akaeleza kuhusu ng'ombe aliyezaa, na shuka, na Murongo, na mashamba ya Uganda, neno kwa neno kama Tumwine alivyosema.

Siku ya pili askari walifukua. Lilikuwa limeoza, limebaki maji meusi na nyuzi, na lubugu langu. Bwana Shauri amesema Tumwine hatapanda meli.

Eugenia ni mzima. Namwangalia anavyopumua. Nina hofu na nina furaha, sijui ipi ni kubwa.

Xaveria


Kituntu, 15 Juni 1936

Kwa Bwana Egbert Rwezaura, shemeji yetu,

Baada ya salamu. Kwa masikitiko makubwa tunakuarifu kwamba dada yako Xaveria tulimzika Jumamosi tarehe 13. Kaburi lake liko kibanjani, karibu na la mumewe. Tulimfanyia heshima zote. Mama mkwe wake alikesha naye, alimfunika lubugu mpya.

Alikuwa mkwe mwema, mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Sijapata kulia hivi tangu kifo cha mwanangu. Mtoto tumemchukua sisi, ni salama, na sasa hakuna kitakachomdai. Hilo dada yako alilitaka kuliko kitu chochote, na amelipata.

Usisumbuke kuja. Njia ni mbaya.

Ni mimi,
Kyomukama


Kituntu, 21 Juni 1936

Kaka Egbert, shikamoo.

Nakuandikia bila kujua kama utaifungua. Najua baba mkwe amekuandikia.

Nilikuwepo. Nilisimama uani nikawaona wakipima gogo kwenye upande wangu wa kitanda. Nilipiga kelele. Nilimshika mama mkwe bega, akajipangusa bega kama mtu aliyeguswa na jani. Kisha akaenda kulilia gogo langu, akalilia kwa jina langu, na alilia vizuri, kaka. Hajawahi kuniambia maneno mazuri namna ile nikiwa namsikia.

Tumo nyumbani wawili, mimi na Ndyamukama. Tunapika, tunakula. Yeye huzungumza kidogo tu, ameshazoea. Kisimani wanawake wanachota mtungi wao, wanaondoka kabla sijafika. Sokoni naweza kuchukua ndizi hapo zilipo, hakuna anayenikataza. Nimezirudisha.

Eugenia yuko kwa bibi yake, nyumba ya pili. Jana alipita karibu yangu. Nikamwita. Alisimama, nikaona anataka kugeuka, kisha akafanya kama alivyofundishwa. Ana miaka mitatu na ameshajua. Sikumwita tena, nisimtie makosani.

Leo asubuhi alikuja Tumwine. Wamemfungua, anachechemea. Nilimwona akipanda njia na kibuyu cha maziwa, nikasema huyu atanisalimia, huyu ametoka kulekule tulipo sisi. Nikatoka hadi mlangoni. Alinipita, kaka. Alikwenda kwenye kaburi langu, akapiga magoti na mguu wake ule mbovu, akamimina maziwa juu ya mawe, akasema, "Xaveria, mama Eugenia, ahsante. Umenipa shingo yangu. Lala pema." Nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua tatu. Nikasema, "Tumwine, niko hapa." Alitetemeka. Akajifuta uso, akashika njia. Ana watoto sita.

Kuna wakati najishika mkono kuona kama una moto.

Barua hii naiweka kwenye kiti cha lori, dereva akiwa anakunywa chai. Kama nimekufa kwako pia, usijibu, nitaelewa.

Xaveria


Bukoba, 27 Juni 1936

Xaveria,

Barua ya mzee Kyomukama ilinifikia kwanza. Nililia siku mbili, nikavaa kaniki ya msiba, nikaandikisha misa ya wafu kwa jina lako na misa ikasomwa. Watu walikuja kunipa pole, wakala, wakaondoka. Kisha dereva akaniletea yako. Nikamwuliza ni nani aliyempa. Akasema aliikuta kitini, akawauliza watu ni ya nani, wakamwambia pale hapakuwa na mtu.

Niliishika bila kuifungua tangu asubuhi hadi saa kumi jioni. Sitakuficha, niliogopa. Mimi, mtu wa vitabu na viapo. Nilijiambia kwamba nimeshakulilia, na mtu hulia mara moja. Ndipo nikajiona nimekaa pamoja na wale wanaopinda njia uani kwako, na haya ikanishika kuliko hofu.

Mashtaka yangu yameahirishwa hadi mwezi wa nane, na ruhusa ya kusafiri ninayo. Barua hii naiandika lakini simpi mtu ailete. Naileta mwenyewe. Kesho nitakuwa kivukoni Kyaka, keshokutwa Kayanga, na siku inayofuata, jua likiwa utosini ili kila mtu awe uani kwake, nitasimama mbele ya nyumba ya Kyomukama na kuita, "Xaveria!" Nitaita kwa sauti ya kortini, ile ya kuwafikia walio nje. Nitamwita na shemeji. Kisha nitamsalimia Eugenia na kumwambia kwamba mama yake anamngoja nyumbani, na atakayetaka kunizuia kwanza itabidi anione.

Nimeambiwa anayeita huchukua nafasi. Basi wapime gogo la tatu, wachague mgomba mrefu, mimi si mfupi. Wakinizika na mimi tutakuwa watu wazima watatu na mtoto mmoja, na hiyo ni nyumba kamili. Bukoba kuna chumba changu, kina madirisha mawili, na huku hakuna anayeijua habari ya magogo yenu.

Funga mizigo. Nakuita, dada.

Egbert